Mgomba Uliozikwa kwa Jina Langu

Kwenye makaburi ya misheni, huku kwetu Matombo, kuna kaburi lenye jina langu. Lina msalaba mweupe, lina tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa, na ndani yake kuna mgomba. Mimi ninayeandika haya ni mzima, ila mguu wa kulia umekuwa mfupi kidogo, na asubuhi hii nimekunywa chai. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitegemee maneno ya kupambwa. Majina ya watu siyaweki, maana Jumapili tunapeana amani kanisani. Lakini wenye makosa ni wawili: mjomba wangu, ndugu wa mama, na mwenyekiti wa jumuiya yetu. Wakisoma watajijua.

Ilikuwa kiangazi. Mimi na mke wangu tulipanda pikapu iliyojaa ndizi, tumekaa juu ya mikungu, tunapeleka mzigo sokoni Mwembesongo. Kwenye mteremko mmoja wa mawe breki zikakataa, gari likaingia bondeni na ndizi zake na watu wake. Mke wangu alifia palepale. Mimi nikapelekwa hospitali mjini sijitambui, na daktari akawaambia ndugu zangu wamwombe Mungu. Wakamwomba Mungu. Kisha wakaenda kuchimba.

Makaburi yetu yana utaratibu wake. Hakuna eneo la ukoo wala la mwenye nacho. Watu wanazikwa kwa safu, anayekufa kesho analala ubavuni mwa aliyekufa leo, hata kama walipokuwa hai hawakusalimiana. Masharti yameandikwa kwenye bati pale langoni: msalaba usipite kiuno cha mtu mzima, rangi nyeupe, herufi nyeusi, marumaru hapana, paa hapana, picha ya marehemu hapana, maua ya plastiki yaondolewe baada ya arobaini, mti usipandwe. Na chini kabisa: hakuna kumshikia mtu nafasi.

Sasa mjomba akapiga hesabu zake. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye sauti msibani, na wangu ana sauti kuliko wengine. Aliona vijana wameshakusanyika na sururu, ardhi ngumu kama sakafu, wanawake wameshapika. Akaona kuwaita watu wale wale tena Ijumaa ni kuwasumbua. Tena alitaka tulale pamoja, mtu na mkewe, kabla hajatokea mwingine akatuingilia katikati. Akamwambia mwenyekiti wa jumuiya, "Andika wawili."

Mwenyekiti ndiye anayepeleka majina ya marehemu kwa katekista. Mtu mwingine angeuliza, huyu wa pili amekufa lini? Yeye aliandika. Siku nilipomuuliza kwa nini, akanijibu, "Mjomba wako alizungumza kwa uhakika sana."

Basi yakachimbwa makaburi mawili. Fundi akatengeneza misalaba miwili, ya saizi moja, mizuri, kwa mujibu wa masharti. Kikachelewa kitu kimoja tu, nacho ni mimi. Jeneza la mke wangu lilipofika makaburini, simu kutoka hospitali ikasema mgonjwa amefumbua macho na ameomba maji.

Dada yangu, aliyekuwepo, anasema watu walishangilia, kisha wakageuka kulitazama lile shimo. Kwetu shimo la mtu haliachwi wazi. Likiachwa linaita, na hakuna anayejua litamwita nani. Dawa yake inajulikana: unakatwa mgomba, unazikwa badala ya mtu. Ukakatwa mgomba.

Mtani wetu wa ukoo ndiye aliyeubeba begani. Msibani mtani ana ruhusa ya kusema lolote, na siku hiyo aliitumia yote.

"Jamani, mbona kakonda hivi? Hospitali hawampi kula?"

"We mtani, hebu acha," dada yangu akamwambia huku analia.

"Niache nini, shemeji? Huyu tangu zamani nawaambia ni mgomba, mkabisha! Haya, mteremsheni taratibu, miguu ndiyo hii au kichwa?"

Padre alikuwa kigango cha mbali, hivyo ibada iliongozwa na katekista. Alinyunyiza maji ya baraka kaburi la mke wangu, na kwa kuwa mkono wake una nguvu, mengine yakafika kwa mgomba. Mjomba akasimika msalaba wangu palepale. Alisema umeshatengenezwa, na kuurudisha nyumbani ni mkosi.

Mke wangu alizikwa hivyo, mimi sipo. Mtu niliyeishi naye miaka ishirini na mitatu sikumtupia hata konzi ya udongo.

Nilirudi baada ya miezi mitatu, na magongo. Kituo cha kwanza kilikuwa makaburini. Nilikaa chini kati ya misalaba miwili, nikamlilia mke wangu, halafu nikageuka nikajisoma. Tarehe ya kufa walinipa sawa na yake. Nikaenda kwa mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kumbe umepona," akasema, kama mtu aliyeahidiwa jambo likatenguliwa.

"Mjomba, ule msalaba utolewe. Na mgomba utolewe."

"Mgomba hautolewi. Ukiutoa, shimo linaita. Kwani unakuchoma nini?"

"Nitakapokufa nataka kulala pale, karibu na mke wangu. Sasa amelala mgomba."

"Si wewe huyo," akasema mjomba.

Nikaona huyu hana msaada. Nikaenda kwa katekista, akafungua daftari la wafu. Nilikuwemo, safu ya sita, baada ya mke wangu. Akasema kufukua kaburi lililoandikwa kunahitaji barua kwa kamati ya makaburi, yenye saini ya ndugu wa karibu wa marehemu.

"Marehemu ni mimi."

"Naona. Ndiyo maana huwezi kusaini. Mlete ndugu."

Dada yangu akasaini. Kamati ikakaa, na mzee mmoja akahoji itakuwaje na maji ya baraka, maana yameshaingia. Walijadili hilo mpaka mvua ya mchana ikanyesha ikakatika. Mgomba uliobarikiwa, je, ni mgomba tu? Hakuna aliyejua. Wakasema waulize parokia, na mimi nikajua barua yangu itazeekea humo.

Ajabu ni kwamba baada ya mwezi hivi, mwenyekiti wa jumuiya alinijia nyumbani mwenyewe, kabeba papai. Mtu ambaye hata hospitali hakukanyaga.

"Ndugu yangu, lile jambo lako linaniuma," akaniambia. "Mtu mzima kuwekwa msalaba akiwa hai, ni aibu kwa jumuiya nzima. Nimeongea na kamati. Jumamosi hii tunautoa. Vijana wa kufukua nitaleta mimi."

Nilimshukuru. Nilimshika mkono kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, kumbe binadamu anabadilika. Ijumaa nikaenda kwa katekista kumwomba atangulie kwa sala kabla ya sururu, ili tufanye jambo kwa heshima. Akaweka kalamu chini.

"Baba, umesoma bati la langoni?"

"Nimelisoma."

"Mstari wa mwisho?"

Nikaukumbuka: hakuna kumshikia mtu nafasi.

"Ukitoa mgomba, pale panakuwa wazi. Ukiwa mzima huwezi kushikiwa. Anayefuata kufa ndiye anaingia. Na mama mkwe wa mwenyekiti, pale jirani kwako, ameshapakwa mafuta ya wagonjwa mara mbili."

Hapo ndipo nilipoelewa utamu wa lile papai. Safu mpya zimeshuka bondeni, kwenye tope, na kila mvua ikinyesha misalaba inainama kama imelewa. Safu ya sita ni pakavu, pameshajaa, na nafasi inayoweza kupatikana ni moja, hiyo ya mgomba. Mke wangu angelala milele ubavuni mwa mama mkwe wa mwenyekiti, mwanamke aliyekuwa akimnyima hata kijiti cha moto.

"Na nikiuacha?" nikauliza.

"Kaburi lina jina lako. Siku ukija, unaingia kwako. Mgomba utakuwa umeshaoza, hautakubana." Kisha akaongeza, "Ila litunze kama la mtu. Kaburi lenye majani mwaka mzima tunalihesabu halina mwenyewe, na nafasi inarudi kwa kamati."

Niliomba barua yangu, nikaikunja, nikaondoka nayo. Jumamosi vijana walikuja na sururu, wakanikuta nimekaa juu ya kaburi langu, magongo magotini. Mwenyekiti akaniuliza kuna nini.

"Marehemu amekataa," nikamwambia.

Tangu siku hiyo nina makaburi mawili ya kulima. Nafagia kwa mke wangu, nafagia kwangu. Mwezi wa marehemu, Novemba, nawasha mishumaa miwili, maana ningewasha mmoja tu, wangeandika kwamba la pili limetelekezwa. Kwenye karatasi ya kuombea wafu naandika jina lake kwanza, kisha langu, na padre mgeni anayasoma yote altareni huku mimi nimepiga magoti benchi la tatu. Mjomba huniangalia kwa pembe ya jicho, ameridhika: alijua tangu mwanzo.

Mama mkwe wa mwenyekiti alizikwa bondeni. Mwenyekiti sasa ni mkaguzi wa kamati, anapita na daftari kutafuta makosa. Mwaka huu alisimama kwangu muda mrefu kuliko kwa wengine. Alipima msalaba kwa kiuno chake, akatazama kama kuna ua la plastiki, akainama akafukua majani kwa kidole. Mwisho akapata.

"Herufi za jina zimefutika," akasema. "Kaburi lisilosomeka halina mwenyewe."

Nilikuwa nimekuja na kopo la rangi nyeusi, kwa ajili ya jina la mke wangu. Nikamkabidhi alishike, maana mguu wangu haunipi nafasi ya kuinama na kopo mkononi. Akalishika. Nikaanza kuandika upya jina langu, herufi moja moja, polepole, na sikumruhusu aondoke mpaka nilipofika kwenye ile tarehe ya kufa nikaipitia vizuri.