Mlima Nilioupanda kwa Mdomo

Uongo wangu ulianza huku Marekani, mji wa Golden Valley, siku niliyokwenda kuomba kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mama aliyenihoji aliona kwenye karatasi zangu kwamba nimezaliwa Marangu, chini ya Kilimanjaro, akaacha maswali ya kazi akaniuliza kama nimeshaupanda. Nilikuwa nimechoka. Kila Mmarekani aliniuliza hilo hilo, na nikisema hapana ananitazama kwa huruma, utadhani nimekaa jirani na bomba la maji miaka yote bila kuoga. Basi nikajibu ndiyo, nimefika kileleni, siku tano kwenda na kurudi, wala kichwa hakikuniuma. Kazi nikapata.

Ukweli ni kwamba kwetu mlima ulikuwa wa kutazamwa. Mtoto akizaliwa alitolewa nje akaelekezwa Kibo, kilele chenye barafu. Asubuhi ulimtafuta Kibo kabla hujanawa uso, na akiwa amejifunika mawingu ulirudi ndani ukinung'unika. Waliopanda walikuwa wageni, na vijana wetu waliowabebea mizigo.

Kaka yangu alikuwa mpagazi. Akirudi alitusimulia msitu unaochuruzika maji, wenye miti iliyoota ndevu za kijani. Juu yake kuna nyika ya baridi yenye mimea minene, mirefu kuliko mtu, iliyojivika majani yake makavu isigande. Kisha jangwa la mawe ambako hata nzi hakuna. Kisha barafu, ambayo alisema alfajiri huwa na rangi ya waridi, halafu polepole inageuka maziwa.

Yeye ndiye aliyenifundisha mlima ulivyojengwa, maana waongozaji waliwaeleza wageni naye akisikiliza, mzigo kichwani. Si mlima mmoja, ni volkano tatu. Shira aliwaka kwanza, akazimika, akaporomoka hadi akawa uwanda. Akafuata Mawenzi, mvua na baridi vikamtafuna mpaka akabaki meno matupu. Kibo ndiye kitinda mimba, na hajafa. Kaka alisema ndani ya kinywa cha Kibo bado kuna joto na harufu ya kiberiti. Nilikuwa mtoto, na kwa siku kadhaa niliogopa kutembea kwa kishindo.

Hayo yote niliyafanya yangu. Niliyasimulia kazini, kanisani, kwenye sherehe za Watanzania kule Roseville. Binti yangu alipozaliwa nilitafuta pa kumwelekeza, sikuona hata kichuguu, nikamwinua mbele ya kalenda yenye picha ya Kibo. Alikua akijua mama yake ni shujaa. Alipokuwa darasa la tano alizichora volkano zote tatu, na juu ya Kibo akanichora mimi nikipunga mkono. Mungu anisamehe, mchoro ule niliubandika kwenye friji.

Sasa ana miaka kumi na tisa. Jumamosi moja ya Machi, theluji ikiyeyuka uani kwetu, mjini Crystal, nilikuwa namenya ndizi za mtori naye amekaa mezani na simu yake. Akaniambia amepata safari ya Kilimanjaro mwezi wa saba, yeye na rafiki zake wawili wa chuo. Mwongozaji aliwashauri wachukue siku nane, mwili uizoee hewa nyepesi. Yeye aliwaambia wenzake kwamba tano zinatosha.

"Mama, wewe uli-climb siku tano bila hata headache," alisema. "Hii kitu iko kwenye damu."

Niliweka kisu mezani. Damu anayoisema naijua. Kaka yangu alikuwa wa damu hiyo, na alipanda mara nyingi kuliko alivyokwenda sokoni. Siku ya nne ya safari ya siku tano, na wageni waliokuwa na haraka, aliteremshwa kwenye machela ya gurudumu moja. Nilimsubiri kwenye geti la hifadhi, chini ya mlima. Alikuwa akikohoa povu, mapafu yamejaa maji, na jua lilipozama hatukuwa naye tena. Binti yangu nilimwambia tu kwamba mjomba wake alifariki kwa kifua. Kilele kizuri na maiti sikuweza kuvisimulia pamoja.

Nilifikiria kumkataza, lakini ana paspoti yake na fedha zake. Nilifikiria kujifanya mgonjwa ifikapo Julai. Niliogopa mlima, niliogopa na macho yake, na naona aibu kusema kwamba kwa dakika kadhaa niliyaogopa macho yake zaidi.

"Sijawahi kupanda," nikasema. "Hata msituni sijafika."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akauliza nilijuaje basi rangi ya barafu. Nikamwambia habari za mjomba wake, na machela nikamwambia. Hakunigombeza. Alinigeuzia simu. Ilikuwa ramani ya mlima mzima, njia na kambi zote zimeonyeshwa.

"Mjomba ali-get sick wapi?"

Niliinamia ramani. Shira nilimwona, Mawenzi nilimwona, jangwa la mawe nililitambua. Kidole changu kilipanda, kikashuka, kikabaki hewani. Miaka yote ile nimeusimulia mlima jiwe kwa jiwe, na hilo sikuwahi kumuuliza mtu. Tuliambiwa ni huko juu, tukazika.

"Sijui, mwanangu."

Alibadilisha safari ikawa ya siku nane, mbele ya macho yangu. Mtori ulipoiva alikula kidogo, ndipo akauliza kama nitakuja kumsubiri atakaposhuka. Nikasema nitakuja. Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu.

Nimeomba likizo ya Julai. Yule mama aliyenihoji, ambaye sasa ndiye bosi wangu, alifurahi sana, akauliza kama nakwenda kupanda tena. Nilimwambia sijawahi kupanda. Nakwenda kusimama getini.