Shangazi Povu na Hanchifu za Watu

Kama hujawahi kutia mkono kwenye mfuko wa suruali ya mtu mwenye mafua, usinisimulie habari za kinyaa. Hanchifu hutoka imegandamana, ngumu upande mmoja, teketeke upande mwingine, na mwenyewe amesimama palepale kaunta anavuta makamasi na kuuliza nguo zitakuwa tayari lini. Kazi hiyo shangazi yangu ameifanya tangu usichana wake. Mimi nampigia pasi.

Wateja humwita Shangazi Povu. Duka letu la dobi ni vyumba viwili: mbele kaunta na meza ya pasi, nyuma mabeseni, kamba, na jiko lenye sufuria kubwa ambayo hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Hiyo ni ya hanchifu. Huzinyanyua kwa kijiti, uso ameukunja kama aliyebeba panya mfu, akazitumbukiza kwenye maji yanayotokota, kisha akasonya.

"Binadamu!" husema. "Mtu kavaa tai, mfukoni kabeba konokono."

Alimlea binti yake peke yake kwa mikono hiyohiyo iliyochunika kwa sabuni. Na kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kuugua ovyo, alijiaminisha kwamba mafua ni uchafu, na uchafu dawa yake maji ya moto. Ukimwambia vingine alikuangalia kama doa.

Basi nesi wa zahanati ya jirani, ambaye huleta makoti yake kwetu, alituambia chanjo ya homa ya mafua ya msimu huu imefika.

"Si mlichanja watu mwaka jana?" shangazi akauliza.

"Kirusi kinabadilika, shangazi, ndiyo maana tunachanja kila mwaka. Haizuii kila mafua, ila inapunguza sana yale ya kulaza watu hospitali."

"Kutwa nzima natoa uchafu kwenye nguo za watu, halafu nikajitilie mwingine mwilini kwa sindano? Chukua makoti yako, mwanangu."

Mimi nilikwenda kuchanjwa. Mkono uliniuma siku ile nikipiga pasi, na shangazi alifurahi bila kujificha.

Wakati huo binti yake alikuwa mjamzito, na yeye na mumewe walikuwa wameshachanjwa. Alipiga simu. Mikono ya shangazi ilikuwa na povu, kwa hiyo nilimshikia simu sikioni na kusikia yote.

"Mama, nakuomba. Mtoto mchanga hachanjwi mafua mpaka afikishe miezi sita. Sisi tunaomzunguka ndio wa kuchanjwa."

"Unaniambia mimi mchafu?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Mimi niliyekuogesha mpaka ukang'aa!" Akaniamuru nikate simu.

Lakini hakuwa na hamu nyingine duniani ila kumpakata mjukuu huyo, wa kwanza. Alichemsha nepi na vishuka, akanisimamia nizipige pasi pande zote mbili, akazifunga kwenye furushi na kuliweka juu ya kabati ili pumzi za wateja zisilifikie.

Mtoto akazaliwa mafua yamepamba moto. Duka lilichafua roho. Mwalimu mmoja alipiga chafya juu ya kaunta, akafuta marasharasha yake kwa mkono wa shati, kisha akalivua shati lilelile na kunipa. "Na hili pia," akasema. Nilitamani kumfua yeye.

Siku ya kwenda kumwona mtoto, shangazi aliamka anakohoakohoa.

"Shangazi, hilo koo."

"Unga wa sabuni."

Sisi madobi ndivyo tulivyo. Unga hutuwasha koo kweli, basi kila kinachotukera kifuani tunausingizia. Nilimwambia asubiri, au angalau avae barakoa. Akaniambia ameoga mara mbili, akabeba furushi lake, akaenda.

Mlangoni binti alimuuliza kama amechanjwa. Akajibu kwamba amejisugua mpaka kwenye kucha. Binti alikuwa amechoka, ana mshono, na alikuwa amemkumbuka mama yake. Akampisha. Shangazi alimpakata mtoto mchana kutwa, akambusu paji la uso, akamwimbia pua kwa pua.

Homa ikamwangusha shangazi kwanza, kisha mtoto. Mtoto aliacha kunyonya. Pua ziliziba, mbavu zikawa zinabonyea kila anapovuta hewa, wakamlaza kwenye oksijeni. Daktari alisema kinga aliyoipata kwa mama yake tumboni huenda ndiyo iliyokuwa inamshikilia.

Shangazi alikuwa kitandani kwake, hawezi hata kuinua kikombe, makamasi ya kijani yanamshuka mdomoni. Hanchifu zake nilizichemsha mimi, kwenye sufuria yake, kwa kijiti chake. Niliona kinyaa, na si cha makamasi peke yake. Nilimkasirikia mpaka nikashindwa kumwambia pole.

"Kanyonya?" aliniuliza kila nilipoingia.

"Bado."

Nilipomletea habari kwamba amenyonya, aligeukia ukutani akalia. Alipopata nguvu alitoka asubuhi bila kuniaga, akarudi na kipande cha pamba kimebandikwa begani. Akafua siku nzima bila kusonya.

Kesho yake tulikwenda kumwona mtoto, ambaye alikuwa amerudi nyumbani. Nilijua kutakuwa na maneno, na kusema kweli niliyataka. Binamu yangu alifungua mlango, akamtazama mama yake, kisha akamnyooshea mtoto.

Shangazi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mikono akaificha nyuma.

"Mchukue, mama. Ameshapona. Na wewe umeshapona."

"Nimechanjwa jana. Nesi kasema inachukua kama wiki mbili kufanya kazi."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kumwangalia."

Binamu alicheka kidogo, machozi yakamlengalenga. "Kwani leo hujaoga, mama?"

"Nimeoga," alisema shangazi. "Niondolee mtoto."