Shanga za Mbinguni na Jina la Baba Mkwe

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mjukuu wangu, ni ile ambayo mvua ya mawe iliilaza chini pamba yote ya hapa Nyamuswa, nami nikiwa na miezi sita tu tangu niolewe katika nyumba ya babu yako. Iandike hivyo hivyo, Wegesa. Usinitengenezee maneno. Sikuingia darasani hata siku moja, lakini ninajua sentensi yangu inapoanza na inapokwisha.

Baba mkwe wangu alizaliwa katika mvua kama hiyo, akapewa jina la mvua hiyo ya mawe kwa lugha ya nyumbani. Kwetu mke wa mtoto hatamki jina la baba mkwe, hata kama ni jina la kitu kinachoanguka mbele ya macho yake. Kwa Kiswahili ninaweza kuitaja mvua ile, kama unavyosikia. Kwa lugha yetu mdomo wangu umefungwa hadi leo, ingawa mzee tulimzika miaka mingi iliyopita.

Mawe yakiwa bado yanayeyuka uani, alifika mgeni kwa baiskeli kutoka Bunda. Alikuwa msomi, mtu wa Musoma, na kazi yake ilikuwa kuandika vitabu juu ya Kiingereza: kilizaliwa wapi, kilichukua maneno kwa nani, kiliyapoteza yapi njiani. Sikuelewa siku ile, na sielewi vizuri hata sasa, kwa nini mtu wa ziwani, mwenye samaki mlangoni pake, atumie maisha yake kufuata nyayo za lugha ya watu wa mbali. Nilidhani Waingereza wamesahau, wakamtuma awakumbushe. Alisema hakutumwa na mtu. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi.

Akaokota jiwe moja la barafu, akaniuliza tunaliitaje kwa lugha yetu, kwa maana alitaka kulinganisha majina ya vitu vya angani katika kitabu chake. Watu wote wa nyumbani walikuwa shambani wakitazama hasara. Kumnyima mgeni jibu niliona ni aibu. Kulitamka jina lile ilikuwa aibu kubwa zaidi. Nikatunga jina kwa lugha yetu. Nikamwambia tunayaita shanga za mbinguni. Alifurahi mno, akaandika, akanishukuru kwa kuinama kana kwamba mimi ndimi mzee wake. Nami, sitaficha, nilijiona mwerevu.

Misimu kadhaa ikapita, kitabu kikatoka. Mwalimu mmoja alikileta nyumbani akamsomea baba mkwe ukurasa uliotuhusu, akiutafsiri polepole. Ulisema kwamba watu wa Nyamuswa huyaita mawe yale shanga za mbinguni kwa sababu huyaona kuwa mapambo ya Mungu. Mapambo, na pamba yetu ilikuwa imeozea matopeni. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisahau, "Kama hizo ni shanga, basi mimi naitwa nani?"

Mama mkwe akaniita jikoni, alikokuwa akipepeta ulezi. Hakupaza sauti wala hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Ungemwambia, mimi ni mkwe hapa, subiri binti wa nyumba hii arudi," alisema. "Angesubiri. Umemheshimu mzee wangu mpaka umemfuta."

Nilidhani jambo hilo litazeeka nami na kufa nami. Lakini wewe, mjukuu wangu, uliacha ualimu wako mjini Bunda ili uandike vitabu kama yule mtu wa Musoma, na siku chache zilizopita ulikuja kutoka kwako Nyasura, kule Bunda, kunisomea mswada wako wa kwanza. Ulinieleza kwamba zamani sana wazee wa hao Waingereza walimwogopa dubu, mnyama mkubwa wa misitu yao, hata wakaacha kumtaja. Wataalamu wanadhani walimwita yule wa kahawia, na jina lake la mwanzo likawapotea kabisa. Nikakuelewa kwa mara ya kwanza tangu uanze kazi hii. Kumbe na wao walikuwa na baba mkwe. Nilicheka mpaka ukanishangaa. Kisha ukageuza ukurasa, ukanisomea kwa fahari mfano wa nyumbani: shanga za mbinguni, ulizozitoa katika kitabu cha mgeni wangu. Ukasema Jumatatu mswada unakwenda kwa mchapishaji.

Siku ya tatu nikakwambia kwamba shanga zile nilizitunga mimi. Ukaweka kalamu chini. "Bibi, mbona hukuniambiaga?" Nikakujibu kwamba hukuniuliza, na nilijibu kwa ukali kwa sababu niliona haya.

Ukasema basi watoto wa Nyamuswa siku hizi mawe yale wanayaita shanga, ndivyo walivyofundishwa shuleni, na jina la zamani hawalijui. Na kwamba Kiingereza chenyewe kimejaa maneno yaliyoanza kwa makosa. Ulitaka kunifariji, ukanipoteza. Nikisema neno langu ni la uongo, je, watoto hao ni waongo? Nikisema limekuwa la kweli, nitamjibu nini mzee aliyeuliza anaitwa nani? Sijui. Andika kwamba bibi yako hajui.

Ninalolijua ni dogo, nawe ulishike, na wote watakaofuata kazi hii walishike. Mtu akikujibu upesi na vizuri mno, usifunge daftari. Muulize kama kuna neno asiloruhusiwa kulisema, na ni nani anayeruhusiwa. Ukikosa jibu, uandike kwamba umelikosa. Ukurasa wenye pengo haumfuti mtu.

Jumatatu mswada usiende. Wifi yangu, binti wa mzee yule, yu hai. Aliolewa katika kijiji cha Buswahili, na yeye jina la baba yake hulitamka bila woga. Panda bodaboda kesho asubuhi, umpigie magoti, umwombe. Andika neno lake kwanza. Langu liandike chini yake, na useme lilitungwa na mke mgeni aliyeogopa.

Mungu akulindie macho na mkono, akupe watu wa kukwambia kweli, na wavumilivu wa kukusahihisha. Kisha urudi hapa, ukae karibu yangu, unisomee neno lile polepole. Kulitamka nimekatazwa. Kulisikia sikukatazwa.