Behewa la Kuni

Nilichoka na treni kabla sijapanda hata moja. Kijijini kwetu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kasongo, hakuna aliyekuwa ameiona reli isipokuwa baba yangu, na aliporudi kutoka huko hakuwa na habari nyingine. Kuni asubuhi, kuni jioni.

Miaka mingi alikuwa amekata kuni za treni ng'ambo ya Lualaba, kwenye kituo cha porini ambapo mashini, kichwa cha treni, ilisimama ili kula, kama alivyosema mwenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame; baba aliinama mpaka mgongo ukakataa kunyooka, na mvunguni hamkuwa na kitu. Wala hakuwahi kupanda. Treni ilichukua kuni zake, ikapiga filimbi, ikaenda. Alipotaka kuja kutuona alitembea hadi mtoni, akavuka kwa mtumbwi, akatembea tena.

Aliporudi asiende tena, mimi nilikuwa mwalimu kwenye shule ya misheni. Mwaka huo padri alitangaza kwamba mzungu mkubwa wa serikali atakuja kuona kazi za mikono, na kila darasa litengeneze kitu. Langu lilipewa treni, kwa sababu picha yake ilikuwa katika kitabu chetu cha Kifaransa. Kisha akaniita pembeni: mambo yakienda vizuri, atanituma Kongolo kwenye masomo ya walimu, na nitakwenda kwa treni. Nilikuwa na watoto wanne nyumbani, sitini darasani, na shamba la mihogo lililojaa majani. Nilitaka Kongolo hata kwa kukaa tu nikiwa nimenyoosha miguu.

Mashini tuliitengeneza kwa mabua ya makuti ya michikichi, tukaipaka makaa yaliyosagwa na mawese. Bomba la moshi lilikuwa kopo la maziwa. Baba akaja darasani, akaizunguka mara mbili.

"Iko muzuri," akasema. "Lakini itakula nini?"

"Baba, ni ya kuangalia tu."

"Hata ya kuangalia. Behewa ya kuni nitatengeneza miye."

Alitumia wiki tatu. Alikwenda porini mwenyewe, akakata vijiti vya unene wa kidole, vyote sawa, akavianika. Kule kituoni, alinieleza, kapita, msimamizi wao, alipima kwa ufito kuni zilizopangwa, na wajanja waliweka miti iliyopinda chini ili rundo lipande upesi huku ndani ni mashimo. Baba aliwachukia watu hao kuliko alivyomchukia kapita.

"Kuni inapangwa ya kukaza," alisema. "Hata panya asipite."

Kijiti kimoja kisipokaa sawasawa, alishusha vyote akaanza upya. Nilifundisha hesabu huku nikimsikia nyuma yangu akishusha na kupanga, na nakiri kwamba nilimkasirikia.

Behewa lilipokwisha lilikuwa kubwa mara mbili ya mashini. Halikuwa kosa. Kwa baba treni ndivyo ilivyokuwa, kichwa kidogo na tumbo kubwa, na yeye ndiye aliyelijaza tumbo. Mimi niliwaza wageni wakicheka tu, na padri akimpeleka mtu mwingine Kongolo.

Asubuhi ya siku ya wageni nililifungua behewa la baba kwenye mashini, nikaliweka nyuma ya darasa na kulifunika mkeka. Mahali pake nikaweka langu, dogo, nililolitengeneza haraka jana yake: tabaka moja la vijiti juu, chini hakuna kitu.

Mzungu mkubwa aliitazama treni kwa muda wa mtu kufuta jasho. Akasema vizuri sana, akaenda kwenye vikapu vya darasa jingine. Baba alikuwa amesimama ukutani pamoja na wazazi wengine, katika shati jeupe alilolivaa Pasaka. Wageni walipotoka akasogea, akagusa vijiti vyangu kwa kidole. Vikatumbukia.

"Chini iko tupu," akasema.

Nikamwambia lile lake lilikuwa zito, lingevunja mashini.

"Aa. Sawa, mwalimu."

Tangu nizaliwe hakuwahi kuniita mwalimu. Alilitafuta behewa lake mwenyewe, akalibeba kichwani hadi nyumbani. Jioni nilipopita kwao nilimkuta mama akipika bugali, na vijiti vile vilikuwa chini ya chungu, vinawaka vizuri, vikavu. Nilisimama pale nikiwa na haya.

"Kuni iko kuni," baba akasema. Akanisogezea kiti.

Kongolo nilikwenda. Safarini treni ilisimama porini kwa ajili ya kuni. Rundo lilikuwa chini ya dirisha langu kabisa, na wanaume walikuwa wakipokezana magogo, migongo wazi. Karani aliyekaa mbele yangu akafyonya.

"Hawa watu wanatuchelewesha."

Niligeukia dirisha la upande wa pili, ambako kulikuwa na miti tu, nikaitazama hiyo miti mpaka tukaondoka.

Niliporudi, baba hakuuliza masomo yalikuwaje.

"Mulisimama kwa kuni?"

"Tulisimama, baba."

"Walipanga namna gani?"

Alinisubiri, mikono juu ya magoti, mgongo umepinda. Nilikuwa nimechoka, na lile rundo sikuwa nimeliangalia limepangwaje.

"Ya kukaza, baba," nikasema. "Hata panya asipite."

Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ya wageni. Akamwita mama aje asikie, nami ikabidi niseme tena.