Bunduki za Mti Zilizobeba Cheo cha Afande Leonsi

Jumatatu moja ya Julai, mwaka 1978, nilikuwa stoo ya mgambo pale Sumbawanga, nikihesabu bunduki za mti.

Wakuu, heshima kwenu. Haya niliyafanya kwa mikono yangu, hivyo sina wa kumsingizia wala sababu ya kuongeza chumvi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, karani wa stoo. Baridi ya Julai ya Ufipa mnaijua. Gwarideni tulikwenda na masweta ya shule chini ya sare.

Mkufunzi wetu alikuwa Koplo Leonsi, mkulima wa ulezi kutoka Milanzi. Kwa utaratibu wa zamani, mafunzo yalifanyika kila kiangazi baada ya mavuno, bila cheti wala daftari. Ukimaliza msimu, unachonga alama moja kwenye kitako cha bunduki yako ya mti.

Yake ilikuwa na alama saba. Nilizijua kwa vidole, maana ndiyo aliyoniazima nilipojifunza kubeba silaha.

"Binti, guu la kushoto!" alinifokea. "Au umelisahau nyumbani?"

Uwanja mzima ulicheka. Sauti ile naisikia hadi leo.

Kisha utaratibu ukabadilika. Ikaja kozi ya wiki sita, yenye cheti, kwa waliosoma sekondari. Nikaisoma, nikahitimu.

Bunduki za mti zikaagizwa ziondolewe stoo. Jumatatu ile nilipomaliza kuzihesabu, nikazipeleka jikoni zipikie maharage ya sherehe yetu ya kuhitimu.

"Hizi zinaivisha maharage kuliko zilivyomtisha kaburu," alisema mama mpishi.

Nikacheka, nikachochea moto.

Siku tatu baadaye ikatangazwa nafasi moja ya sajini: kwa mwenye cheti, au mwenye uthibitisho wa misimu mitano, na huyu wa misimu atangulie.

Afande Leonsi akaja stoo, kofia mkononi.

"Mwanangu, nipatie bunduki yangu nikawaonyeshe alama."

Alitazama rafu tupu, akavaa kofia yake, akatoka.

Cheo nikapewa mimi. Kwenye gwaride lililofuata, mtu niliyezoea kumwamkia shikamoo alinipigia saluti.

"Afande sajini," akaninong'oneza, "leo guu la kushoto umekuja nalo."

Hakuwa na kinyongo hata chembe. Hicho ndicho kilichoniuma.

Nilichojifunza, wakuu: utaratibu mpya unaweza kuwa mzuri kabisa, na bado ukamdhulumu mtu, kwa sababu tu hakuna aliyeuliza kazi yake ya nyuma iliandikwa wapi. Mliopitia mgambo au ajira za zama zile, kwenu ilikuwaje? Naomba mnisimulie nanyi.

Mimi, baada ya wiki tatu, nilimwandikia barua mkuu wa mafunzo. Nakala ya kaboni ninayo bado, na inaishia hivi:

"Alama zilikuwa saba. Nilizihesabu mwenyewe, na nilizichoma mwenyewe. Tepe zangu za sajini nimeziambatanisha humu. Naomba ashonewe Koplo Leonsi."