Machela Iliyopanda Mlima

Harufu ya bisi hunichefua mpaka leo. Nikipita mahali wanapozikaanga, mahindi yakipasuka ndani ya mashine ya kioo na harufu ya mafuta na chumvi ikinifuata, naziba pua, na wanangu wananicheka. Wacheke tu. Mimi bisi za maisha yangu yote nilizila siku moja, likizo ya Desemba, nikiwa darasa la tano, kwenye uwanja wa michezo ya watoto huko Dar es Salaam. Nilikula pakiti tano, na hakuna hata moja niliyoiomba. Kila mtu mzima aliyepita akaniona nimekaa peke yangu alinihurumia, na kila aliyenihurumia alininunulia bisi.

Nilizaliwa na mgongo wazi. Madaktari waliufunga nikiwa kichanga, nikapona, namshukuru Mungu, ila miguu haikupata nguvu ya kunibeba. Nyumbani kwetu Mafiga, mjini Morogoro, nilitambaa, shuleni nilikwenda kwa kiti mwendo, na dereva wangu alikuwa Zuhura, rafiki yangu wa nyumba ya pili. Sikuwa mtoto wa kusikitika, nasema kweli. Nilikuwa na mdomo, na waliochokoza hawakurudia. Lakini nilikuwa na hamu moja iliyoninyima raha, nayo ilikuwa kwenda juu. Anayekaa kwenye kiti anaiona dunia kuanzia kiunoni kwenda chini. Mikanda ya watu naijua, mifuko ya suruali naijua, mafundo ya khanga nayajua, lakini kichwa cha mtu kwa juu sikuwahi kukiona. Kwa hiyo padri alipotangaza kwamba watoto wa kanisani watapelekwa Dar, kwenye bustani yenye gurudumu kubwa linalopandisha watu angani, nilipiga kelele mle mle kanisani mpaka Mama akanifinya. Zuhura ni Mwislamu, hakuwa na safari ile, basi nikamwahidi nitakwenda kuona kwa macho yetu wote wawili na kumsimulia kila kitu.

Mama alikuwa kazini, hivyo aliyenisindikiza ni Mjomba Mloka, kaka yake, mkulima wa kabichi na karoti kutoka milimani. Alikuwa mfupi, mabega mapana, na alivaa koti lake la Pasaka ingawa Dar ilikuwa ikituchemsha. Tulifika kwenye lile gurudumu wa kwanza kabisa. Ngazi zake zilikuwa za chuma, nyembamba, na juu yake kasimama kijana mwenye filimbi. Akanitazama miguu, akatikisa kichwa.

"Huyu haruhusiwi, mzee. Ni hatari."

"Nitambeba. Nitakaa naye, nimshike," Mjomba akasema.

"Mzee, sheria ndiyo hiyo."

Mjomba alibishana, akabembeleza, akavua kofia. Wapi! Kwenye farasi wa kuzunguka wakasema lazima mtu abane kwa miguu. Kitreni nilichoweza kukipanda kilikuwa kimeharibika tangu wiki iliyotangulia. Wenzangu wakakimbilia kwenye mabwawa ya kuteleza, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa tu, wakanirundikia viatu. Jozi ishirini na tatu. Nilizihesabu mara nyingi, maana sikuwa na kazi nyingine. Siku nzima nikawa mlinzi wa viatu, na bisi zikawa zinakuja. Mjomba alichuchumaa kando yangu, hakwenda hata kunywa maji, na kila gurudumu lilipowapandisha watu wakapiga mayowe kule juu, yeye alitazama chini.

Tuliporudi nilimdanganya Zuhura. Sikupanga, uongo ulinitoka wenyewe nilipoona alivyokuwa akinisubiri barazani. Nikamwambia nilipanda mara tatu, nikaona meli, nikaona paa la ikulu, nikaona mpaka Zanzibar na watu wake wakitembea. Nilikuwa katikati ya Zanzibar nilipogeuka nikamkuta Mjomba amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Alikuwa amesikia yote. Nilitamani ardhi inimeze. Alfajiri ya kesho yake alirudi milimani bila hata kuaga vizuri, na mimi nikaamini nimemwaibisha.

Jumamosi iliyofuata alirudi na wanaume watatu wa kijijini kwa Bibi, mama yao yeye na Mama, na begani kwao machela. Machela za kwetu si za hospitali. Ni miti miwili mirefu na blanketi lililofungwa katikati kwa kamba za katani. Enzi hizo gari halikufika kijijini. Mgonjwa akizidiwa, au mama akishikwa na uchungu, anateremshwa kwa machela mpaka mjini. Akipona, anapanda mwenyewe kwa miguu. Asipopona, anapandishwa kwa machela ile ile kwenda kuzikwa. Ndiyo maana Mama alipomsikia kaka yake akisema, "Nimekuja kumchukua mpwa wangu, anakwenda juu," alidondosha mwiko.

"Kaka, una akili timamu? Machela ya kupanda unamlaza mwanangu? Huo si uchuro huo?"

"Uchuro ni mtoto kukaa siku nzima analinda viatu," Mjomba akajibu.

Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba juu ya mtoto ni zito. Mama alilia kidogo, akanung'unika sana, kisha akanivalisha sweta. Nami nikaogopa. Sikuogopa mlima, niliogopa tusifike, watu wachoke, waniteremshe katikati ya njia na kusema ni hatari. Nilishazisikia sauti za kusema hivyo.

Njia ilianza kupanda, hewa ikawa baridi na kunukia majani ya migomba na moshi wa kuni. Hatukwenda mbali. Kwenye kona ya kwanza tulikutana na wanawake sita wakiteremka sokoni na matenga ya kabichi na liki vichwani. Walipoona machela inapanda, walisimama. Matenga yakatuliwa chini, khanga zikavutwa vichwani, mmoja akafanya ishara ya msalaba, na bibi mmoja mwembamba akaanza kulia kwa sauti iliyonisisimua mwili.

"Jamani, nani katutoka?"

"Hakuna aliyetutoka, mama. Ni mpwa wangu. Anakwenda kutembea."

Nilijua adabu inanidai. Nikajiinua kwa viwiko, nikatoa kichwa kwenye blanketi, nikasema, "Shikamooni."

Yule bibi alipiga ukelele wa pili, mkubwa kuliko ule wa msiba, akakaa kitako juu ya tenga lake la kabichi. Wengine wawili walishakimbia hatua kadhaa. Kisha mmoja akacheka, na kicheko kikawashika wote, mpaka Mjomba akalazimika kuweka machela chini. Yule bibi hakucheka haraka. Alimtukana Mjomba kwanza, akamtukania na koti lake, akasema angemwua kwa presha. Halafu akapangusa machozi, akajifunga khanga kiunoni, akasogea kwenye mti wa mbele.

"Haya, songa. Machela ni machela," akasema.

Hiyo ndiyo desturi ya njia ile. Ukikutana na machela unatua mzigo wako pembeni, hata kama soko linakungoja, unaweka bega lako mpaka utakapokutana na wengine. Mzigo utaukuta, hakuna mwizi anayeugusa. Asiye na nguvu, mzee au mjamzito, anagusa mti kwa mkono, na hiyo inahesabika kuwa zamu yake. Mimi sikuwa mgonjwa wala maiti. Nilikuwa mtoto aliyetaka kuona vichwa vya watu kwa juu. Lakini njia nzima watu walitua matenga, wakashtuka, wakatukana, wakacheka, kisha wakabeba. Sijui ni mabega mangapi yalinipitia siku ile. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza miguu yangu ina nini, na hakuna aliyeninunulia kitu.

Karibu na kwa Bibi kuna mgongo wa mlima usio na miti. Mjomba alinitoa kwenye machela, akanipakata, akanikalisha kwenye jiwe na kunishika kiuno. Ukungu ulikuwa umepanda. Chini yangu kulikuwa na Morogoro yote. Niliona bwawa la Mindu liking'aa, treni ikitambaa, mashamba ya katani yaliyonyooka mistari, na mbali kabisa vumbi jeupe upande wa Dakawa. Nikaitafuta Mafiga, nikaipata, nikatafuta bati letu lenye kiraka cha bluu. Lilikuwepo. Na hapo chini kidogo, njiani, wale waliokuwa wamenibeba mwisho walikuwa wakirudi kwenye mizigo yao, na niliviona vichwa vyao, vitambaa vyao, na upara wa mzee mmoja ambaye naamini hajui mpaka leo kwamba uko nyuma kiasi kile. Nililia. Mjomba alidhani nimeumia.

"Wapi panauma?"

"Hapaumi, Mjomba. Ni pazuri."

Akasema, "Sasa kamsimulie Zuhura."

Nilimsimulia, na kabla sijaanza nikakiri uongo wangu. Zuhura akabetua mdomo, akasema alijua zamani, maana hata rubani haoni Wazanzibari wakitembea.

Miaka imekwenda. Nina wanangu, na naendesha bajaji iliyotengenezewa breki ya mkono. Mwaka jana niliwapeleka watoto kwenye bustani ya Dar, na gurudumu la siku hizi lina njia ya mteremko na binti mwenye adabu aliyeniambia, "Karibu, mama." Nilipanda. Tulizunguka mara tatu, nikaona bahari, nikafurahi, nikashuka. Ni jambo jema, na watoto wenye miguu kama yangu wasilinde tena viatu vya mtu. Lakini pale kila mtu alitazama mbele yake, na nilipofika chini sikuwa na wa kumshukuru ila mashine.

Mjomba sasa anaishi kwangu. Magoti yamemwisha, na mzee aliyebeba gunia la viazi akipiga mluzi hafiki chooni bila kushikwa. Mwezi uliopita aliacha kula. Nilimuuliza anataka nini, akageukia ukutani. "Nataka nipande nikiwa hai," akasema. Barabara sasa imefika mbali kuliko zamani, nikampakia kwenye bajaji mpaka inapoishia, na vijana wa kijijini wakawa wanatungoja na machela. Siku hizi machela ni nadra kuonekana. Nilidhani desturi ile imekufa.

Kundi la wanawake lilikuwa likiteremka na karoti. Walisimama, wakatua mabeseni. Msichana mmoja, ambaye hakuwa amezaliwa nilipopanda mimi, akavuta khanga kichwani na kuniuliza kwa upole marehemu ni nani.

"Si marehemu. Ni mjomba wangu. Anakwenda kutembea," nikamwambia.

Mjomba akainua kichwa kwenye blanketi. "Mnasubiri nini? Nipeni pole basi!" Mayowe yaliyopigwa pale, nadhani Mafiga waliyasikia. Wakacheka, wakamtukana, wakaweka mabega. Mimi njia ile siiwezi, nilibaki kwenye usukani. Lakini kabla hawajaondoka yule msichana aliwaambia wasubiri, wakageuza machela, wakausogeza mti mpaka kwenye bajaji yangu. Nikaweka kiganja changu chini yake. Ulikuwa mzito. Nikaushika mpaka Mjomba aliponiambia inatosha, zamu yangu imehesabiwa.