Mrututu kwenye Mkono wa Muuza Dawa

Muuza dawa wetu hapa Bariadi alivaa shati la mikono mirefu hata kwenye jua la msimu wa pamba, na kucha zake zilikuwa za bluu kwa mrututu, ile chumvi ya shaba ya kutibu ngozi. Tangu maduka binafsi ya dawa yaruhusiwe, nilishanunua kwake tyubu tatu za dawa ya kupaka, lakini mapunye ya binti yangu Kija yalizidi kuenea. Siku hiyo nilimpeleka Kija dukani; muuza dawa aliyeyusha mrututu majini, akampaka baka moja tu.

"Na mabaka mengine?" nikauliza.

"Tukipaka yote, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma, "tutajuaje kama ni mrututu uliosaidia?"

"Kwani mwanangu ni shamba la majaribio?"

Akakunja mkono wa shati polepole. Palikuwa na mabaka mawili kama ya Kija: moja, la bluu kwa mrututu, limeanza kupona; la pili bado bichi, ameliacha makusudi bila kulipaka. Nikamsogeza Kija dirishani, kwenye mwanga, tuyaone vizuri mabaka yake, lililopakwa na yasiyopakwa.